Jina la Walichokunywa

Kemia ya pombe naijua kuliko watu wengi wenye vyeti ukutani, na anayebisha aje tushindane. Asije tu na maswali yenye herufi kubwa na tarakimu ndogo chini yake, maana huko sikufika. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Ninayoyajua niliyajua kwa kuyaosha.

Jumatatu hiyo, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, maabara ilikuwa kwenye shughuli zake za kila siku. Mlinzi alikuwa anapiga mistari kwenye daftari la geti kwa rula, kwa sababu mstari uliopigwa na mkono mtupu ulimnyima raha. Mwosha vioo, mwanamke mtu mzima mwenye sura nzuri ambayo pale kazini hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kuisifu, alikuwa anachomeka testitubu arobaini kwenye ubao wenye matundu. Mpimaji, mwanamke naye, alikuwa anafunga vifungo vya koti jeupe huku ameshikilia kipande cha mkate kwa meno. Ndipo wakaingia marehemu sita.

Waliingia kwa mstari, kila mmoja mkono begani kwa aliyemtangulia, kwa kuwa hawakuwa wanaona vizuri. Mlinzi akawaandika: jina, saa, shughuli. Aliyekuwa mbele, mwalimu mstaafu, alimwambia kwenye shughuli aandike "kuulizia". Kwenye safu ya utokako mlinzi alisita kidogo, kisha akaandika "makaburini", akapiga mstari chini yake, akawagawia namba za foleni kuanzia moja hadi sita.

"Mkae kwenye benchi," akasema. "Na msiegemee ukuta, rangi bado mbichi, itawaharibu."

"Sisi tulishaharibika, bwana," akasema mwenye namba nne. "Labda tuiharibu sisi."

Mpimaji aliitambua ile sauti kabla hajageuka. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi baiskeli, aliyezikwa wiki tatu zilizopita akiwa amevaa suti ya kahawia ya harusi yake. Alipokuwa hai suti hiyo ilikuwa inambana tumboni. Sasa ilikuwa imemkaa vizuri.

"Shemeji, umekonda," akasema mpimaji.

"Na wewe umenenepa. Msiba wangu umekukubali."

Mpimaji akamaliza mkate wake, akauliza shida ni nini. Mwalimu mstaafu alisimama kujibu, maana alikuwa na mazoea ya kujibu akiwa amesimama.

"Huko tuendako kuna karani," alisema. "Karani ana fomu. Jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, kilichokuleta. Aliyegongwa na gari anaandikiwa gari. Mwenye homa anaandikiwa homa. Sisi tukasema pombe. Akauliza pombe ipi. Tukasema ile ya chupa ndogo yenye kifuniko chekundu. Akasema hicho ni kifuniko, yeye anataka jina la kilichokuwa chini ya kifuniko. Bila jina haandiki. Bila kuandikwa huingii. Na kurudi nyumbani haturuhusiwi. Tumekaa wiki tatu kwenye korido."

"Ina viti?"

"Haina."

Mpimaji alitikisa kichwa kwa masikitiko. Yeye mwenyewe alikuwa na matatizo ya miguu.

"Shemeji," akasema fundi baiskeli, "ile chupa ilikuwa na kibandiko: Imepimwa, Imepita. Wakati huo macho yangu bado mazima, nikakisoma kwa sauti, wenzangu wote hawa wakasikia. Nikawaambia hii imepimwa kwa kina shemeji yangu, kunyweni bila wasiwasi. Hivi ni nani aliyeipima?"

Mpimaji aliangalia ubao wa testitubu.

"Mwenzangu mmoja," akasema. "Alihama mwezi wa nne."

"Alihamia wapi?"

"Mbali."

"Mungu amsamehe."

"Amina," akasema mpimaji.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa tatu tanuri la kukaushia vioo liliungua. Mkuu wa maabara, ambaye watu wote walimwita Muhuri kwa sababu muhuri wa ofisi alitembea nao mfukoni hata akienda msalani, aliandika barua kuomba tanuri jingine. Akajibiwa asubiri. Na chupa zisizo na jina zilikuwa zinaletwa arobaini kwa siku, hazikujibiwa zisubiri. Muhuri akaamuru testitubu zikishaoshwa zisuuzwe kwa asetoni, yale maji wanayofutia rangi ya kucha, ambayo hukauka kabla hujamaliza kupiga chafya. Mwosha vioo aliuliza kama hayatabaki chembe humo ndani.

"Wewe osha," Muhuri alimwambia. "Kufikiri kuna wenyewe."

Akaosha.

Sasa, pombe inayonyweka na pombe inayoua ukizitazama kwenye chupa ni kama mapacha. Zote mbili ni angavu kama maji, zote zinawaka, zote zinanukia pombe. Kuzitenganisha kuna kipimo chake: unatia iodini na kostiki, ile soda kali inayochubua mikono. Ikiwa ni ethanoli, ile ya kunywewa, chini kunatuama mashapo ya manjano yenye harufu ya wodi. Ikiwa ni methanoli, ambayo inakupofusha kwanza ili usione inavyokuua, hakuna manjano yoyote. Ubaya ni kwamba asetoni nayo inaleta manjano yale yale, tena kwa haraka zaidi. Kwa hiyo mwezi mzima wa tatu kila testitubu ilitoa manjano. Hata ungetia machozi, yangepita.

Kanuni ilisema kisichojulikana kipimwe kwa njia zaidi ya moja ndipo kiitwe jina. Lakini chupa ni arobaini, na siku ni ile ile. Mpimaji aliona manjano, akaandika ethanoli, akasaini, akavuta chupa nyingine. Msiba ulipotokea alihesabu tarehe kwa vidole, akajua. Pale makaburini alilia mpaka sauti ikakatika, na watu wakasema kumbe alimpenda shemeji yake hivyo. Alimpenda, ndiyo. Lakini sauti haikukatika kwa hilo peke yake.

Asubuhi hiyo alimwambia mwosha vioo asiguse asetoni. Testitubu zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe kwa maji safi mara tatu, zianikwe juani kwenye kizingiti cha dirisha. Zilikauka saa sita mchana. Marehemu walisubiri bila kunung'unika. Foleni walikuwa wameshaizoea.

Sampuli ilitakiwa iletwe na mteja mwenyewe kwenye chombo kilichofungwa.

"Chupa hatuna," alisema mwalimu, "ila kilichokuwemo tunacho."

Kila mmoja akaitwa kwa namba yake, akapulizia pumzi ndani ya chupa ya kioo iliyosimamishwa kwenye maji ya barafu. Pumzi zikageuka matone kwenye ubavu wa kioo, yakateremka, yakakusanyika chini. Mwenye namba mbili, ambaye alikuwa mvutaji wa sigara, alitoa matone machache kuliko wenzake, akaomba radhi. Mpimaji akabandika karatasi: Sampuli ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Akaanza.

Kwanza aliyakausha matone kwa chokaa ya kuchoma, maana sodiamu ikiona maji haiulizi maswali. Kisha akatia kipunje cha sodiamu. Kikatoa vipovu vidogo vidogo, taratibu, kama mtu anayenong'ona.

"Ni wa ukoo wa pombe," akasema.

"Ukoo tunaujua," akasema shemeji. "Tutajie mtoto."

Akachukua asidi yenye zinki ndani yake. Pombe zenye umbo la msongamano zikikutana na asidi hiyo huchafuka ukungu papo hapo, za kati huchafuka baada ya dakika tano, na zile nyoofu hubaki kama zilivyo. Marehemu wote sita walihesabu dakika tano kwa sauti, kila mmoja kwa kasi yake, na wakafika kwa zamu. Testitubu zote zilibaki angavu.

Akatia maji ya rangi ya chungwa, yale ya daikromati, pamoja na asidi, akapasha moto.

"Rangi gani sasa?" akauliza mwalimu.

"Kijani."

"Kijani ni nzuri?"

"Kijani ni kijani, mwalimu. Inatuambia tuendelee."

Ndipo akatia iodini na kostiki. Akasubiri. Akazipasha kidogo kwenye maji ya moto. Akasubiri tena. Mwosha vioo naye alisogea, akainama kutazama, na ndoo yake mkononi. Hakukuwa na manjano. Hata kidogo, hata kama ungetumia miwani ya mtu mwingine.

Mpimaji alitia asidi nyingine ya unga mweupe, akadondoshea tone la asidi kali, akapasha, kisha akaimwaga kwenye bakuli la maji. Chumba kizima kikajaa harufu ya dawa ya kuchua misuli.

"Hiyo!" akasema shemeji. "Nilicheza winga wa kushoto miaka tisa, siwezi kuikosea."

Goti la mwosha vioo liliacha kuuma hadi jioni, na hiyo ndiyo faida pekee iliyopatikana kwenye kipimo hicho.

"Methanoli," akasema mpimaji.

Marehemu walilirudia jina hilo polepole, mmoja mmoja. Mwenye namba sita alisema ni jina zuri kwa mtoto wa kike.

Muhuri alikuja saa nane. Aliwasalimia marehemu wote kwa mikono miwili, akawapa pole ya safari, akauliza kama wamepata maji. Kisha akaisoma karatasi ya matokeo mpaka mwisho, akarudia.

"Kazi safi," akamwambia mpimaji, wamesimama karibu na sinki. "Matokeo ni sahihi kabisa. Tatizo lake ni moja tu, hayafanani na ya mwezi wa tatu."

"Ya mwezi wa tatu yalikuwa ya asetoni, mkuu."

"Mimi sikatai. Lakini ofisi ni moja, haiwezi kuwa na midomo miwili. Tukisema methanoli, wataomba faili la mwezi wa tatu. Faili lina sahihi. Sahihi ya nani vile?"

Mpimaji akafungua bomba, akanawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Muhuri mwenyewe akaketi akaandika karatasi sita: *Ethanoli. Imepita.* Akasaini, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi ili upate unyevu, akagonga mara sita. Marehemu walizipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kwa sababu hawakuweza kusoma na walikuwa watu wenye adabu. Mlinzi akaandika: wametoka sita, saa tisa na dakika ishirini. Mpimaji akavua koti, akachukua mkoba wake.

Alikutana nao getini wanaingia. Kwao safari ya kwenda na kurudi ilikuwa imechukua siku nne, na viatu vyao vilionyesha hivyo. Kwa saa ya mlinzi zilikuwa dakika kumi na moja.

"Amezikataa," alisema mwalimu. "Amesema kwa glasi mbili mbili tulizokunywa, ethanoli inampeleka mtu kitandani, haimpeleki kwake. Akasema tusimfanye mtoto."

Mlinzi akawaandika upya, akawapa namba. Kisha akamwonyesha mpimaji kibao ukutani, ambacho Muhuri alikibandika mwaka uliopita baada ya malalamiko ya wateja: MPIMAJI HAONDOKI MPAKA FOLENI IISHE.

"Lakini hawa ni marehemu," akasema mpimaji.

"Mama, mimi sikuandika kile kibao. Kinasema foleni. Hawa wana namba."

Mpimaji akarudi ndani.

Muhuri alikuwa na mlango wake wa nyuma, ambao haukuwa na mlinzi wala daftari. Aliutumia saa kumi na nusu kila siku. Mpimaji alibaki. Alitandika maboksi katikati ya meza ya mizani na friji. Alipima chumba kwa miguu: hatua kumi na nne kutoka sinki hadi kabatini, tisa kutoka kabatini hadi dirishani, na dirisha lina nondo saba. Nywele zake zikashika harufu ya dawa ya kuchua. Asubuhi alipoosha uso, marehemu waligeuka upande wa pili kwa heshima, ingawa hawakuwa wanaona. Mchana walipiga soga. Mwalimu aliwasahihisha wenzake walipokosea tarehe za vifo vyao. Kila jioni Muhuri aligonga karatasi mpya zenye jina lile lile, marehemu wakaenda, wakarudi na vumbi.

Alhamisi waliongezeka wawili, msusi na dereva wa lori. Nao walikuwa wamekunywa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko chekundu na kibandiko. Mzigo ulikuwa bado upo madukani. Kuuondoa kulihitaji barua, barua ilihitaji sababu, na sababu ilikuwa kwenye kabati la Muhuri, imefungiwa kwa kufuli. Muhuri alisikitika sana kuona wawili wale wamesimama. Akaagiza benchi la pili.

Mdogo wake mpimaji alikuwa anakuja kila mchana dirishani na bakuli la chakula, ambalo ilibidi alilaze upande ili lipite katikati ya nondo. Siku ya kwanza alimkuta mumewe kwenye benchi.

"Na wewe," akasema, "hata kufa umekwenda kukaa foleni. Kwa kinyozi ulikuwa hivyo hivyo."

"Foleni si kosa la aliye ndani yake, mama watoto."

"Ufunguo wa sanduku la vifaa uko wapi? Watu wanadai baiskeli zao, wananigongea mlango toka alfajiri."

"Kwenye mfuko wa koti la mvua. Ile nyekundu usimpe mtu, breki yake nilikuwa bado sijaikaza."

"Mtoto anauliza unarudi lini."

Fundi baiskeli aligeuza kichwa kuelekea sauti ilikotokea, akakosea kwa hatua mbili hivi, akawa anaitazama friji.

"Mwambie sirudi," akasema. "Ila sijaondoka bado."

Mwanamke yule hakulia. Alilia nyumbani, huko alikuwa na nafasi. Pale dirishani alimpitishia dada yake kitana, akamwambia ageuke, akamsuka nywele kwa mikono miwili iliyopita kwenye nondo mbili tofauti, na huku anasuka anaongea.

"Dada, huyo mtu aliyepima mwezi wa tatu. Nipe jina lake tu."

"La nini?"

"Sitamfanya kitu. Nitachukua mkeka wangu, nitakwenda nikakae mlangoni kwake. Akitoka anione, akirudi anione. Basi."

"Simkumbuki vizuri. Alikuwa wa muda."

"Mtu anasaini karatasi inaua watu sita, nyie mliokuwa mnakula naye chumvi moja hamkumbuki jina?"

"Unanivuta nywele."

"Samahani, dada." Akalegeza. "Kula basi, nimekuwekea mnofu wote wewe. Watoto nimewapa mchuzi."

Mpimaji alikula. Kila tonge alilisukuma kwa maji. Siku zilizofuata mdogo wake aliuliza tena, na tena, kila mara kwa upole zaidi, na kila mara mnofu ukiwa mkubwa zaidi. Mwosha vioo, aliyekuwa anasuuza testitubu pale pembeni, alifungua bomba hadi mwisho ili maji yapige kelele. Yeye jina alikuwa analijua. Alikuwa anajua na jina la aliyesuuza. Lakini kufikiri kulikuwa na wenyewe, na siku hizo hawakuonekana.

Jumanne ya wiki ya pili Muhuri alikwenda semina ya siku mbili, na muhuri wake mfukoni. Mpimaji aliamka kwenye maboksi, akajinyoosha, akahesabu nondo za dirisha. Zilikuwa bado saba. Akapima tena sampuli zote nane tangu mwanzo, sodiamu, asidi ya zinki, daikromati, iodini, kwa testitubu zilizokauka juani, na majibu yakawa yale yale. Kisha akaketi, akachukua karatasi nane za ofisi, akaandika kwenye kila moja: *Methanoli. Haikupaswa kupita.* Akasaini zote kwa jina lake kamili.

Mwalimu mstaafu alipapasa yake kwa kidole gumba.

"Haina muhuri."

"Ina ukweli, mwalimu."

"Sijui kama karani anapokea huo peke yake. Ila twende tukajaribu."

Shemeji alikuwa wa mwisho kusimama. Alikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa suti.

"Hii safari nahisi ndiyo yenyewe," akasema. "Shemeji, tumetaniana vya kutosha. Asante. Mwangalie mdogo wako."

"Nitamwangalia."

"Na ukimpata yule aliyehama, mwambie sina kinyongo. Mwambie tu aache hiyo kazi, afanye nyingine. Auze hata ndizi."

"Nitamwambia."

Wakatoka kwa mstari, mkono begani. Mlinzi akaandika: wametoka wanane, saa saba na nusu. Akaigeuza kalamu, akaligonga daftari.

"Foleni imeisha, mama. Nenda kapumzike."

Mpimaji alivua koti, akalitundika kwenye msumari. Alizima jiko, akafunga bomba ambalo mwosha vioo alikuwa amelisahau wazi. Mdogo wake, aliyekuwa amekuja na bakuli kama kawaida, alizunguka kutoka dirishani hadi getini, akampokea mkoba. Wakasimama. Mpimaji alikuwa amesahau jinsi barabara inavyonuka, vumbi, mpira wa magurudumu, mikate inayookwa mahali. Alivuka kizingiti cha geti kwa mguu wa kulia. Akavusha na wa kushoto. Akatembea hatua tatu, akaanza ya nne.

"Leo unalala kitandani kwangu," akasema mdogo wake. "Mimi nitalala chini na watoto."

Dakika kumi na moja zilikuwa zimetimia. Marehemu wanane walikuwa wanakuja upande ule ule wa barabara, kwa mstari, safari hii fundi baiskeli akiwa mbele. Suti ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Watu wa barabarani waliwapisha. Mlinzi akafungua ukurasa mpya, akachukua rula.

"Rudi ndani, mama," akasema. "Una wateja."

"Amezikataa?" akauliza mpimaji.

"Amezikubali," akasema shemeji. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekaribia. "Amesema ndiyo, hiyo ndiyo, ameshapokea wengi walioletwa nayo. Kalamu alikuwa ameshaishika, shemeji. Ameshaandika herufi ya kwanza. Halafu akasema ngoja, akafungua droo, akatoa ile karatasi ya mwezi wa tatu. Kumbe nakala za kila kinachosainiwa huku zinakwenda kwake. Akauliza, huyu mpimaji ni mwongo wa mwezi wa tatu au ni mwongo wa leo? Maana haziwezi kukaa zote kwenye faili moja. Amesema moja ifutwe, na aifute yule yule aliyeisaini, kwa mkono wake, mbele ya watu."

Mpimaji alitazama mkoba wake, ambao ulikuwa mikononi mwa mdogo wake.

"Mimi nikakutetea," akaendelea shemeji. "Nikamwambia hapana, bwana, hao ni watu wawili. Yule wa mwezi wa tatu alihama. Huyu ni shemeji yangu. Akaziweka karatasi moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga. Mimi sioni, unajua. Lakini yule ana macho."

Mdogo wake mpimaji aliinamisha bakuli bila kujua, na mchuzi ukaanza kudondoka juu ya viatu vyake.

"Tulisomea chuo kimoja," akasema mpimaji. "Mwalimu wetu alikuwa mmoja. Sahihi zetu zinafanana."

Shemeji alilifikiria jambo hilo. Hakuwa na haraka, na alikuwa mtu wa haki hata alipokuwa anatengeneza baiskeli.

"Sawa," akasema. "Na jina nalo, shemeji, mlipewa na mwalimu huyo mmoja?"